Nani Alifundisha Seli Kufa?

Wenye mulisoma biolojia na wenye mulikimbia biolojia mukaenda kwenye sheria ao ekonomia, leo nataka tuingie mu historia moja yenye haiongelewi sana mu oditwari zetu. Ni historia ya kifo cha seli, kale kachumba kadogo kenye kanajenga kila kitu chenye uzima.

Dakika hii yenye unasoma, mu mwili wako kuko seli nyingi sana zinakufa. Hakuna mwenye aliziua. Hazikuungua, hazikupigwa, hazina microbe. Zimepata amri, na zimejiua zenyewe kwa utaratibu, kama mutu mwenye anabomoa nyumba yake tofali moja moja na kuzipanga kando ili jirani azichukue. Ni mabilioni kila siku. Wakati ulikuwa bado tumboni mwa mama, mukono wako ulikuwa kama kijiko, vidole vimeshikana. Seli za katikati zikakufa, njo vidole vikaachana. Na seli yenye inakataa kufa wakati imeamriwa kufa iko mu njia ya kuwa kansa.

Bon, hii kila mutu wa médecine anaijua. Swali langu ni lingine: hii desturi ilianzia wapi? Mwili mukubwa unaweza kutoa seli moja sadaka na usisikie kitu. Lakini kiumbe cha seli moja je? Amiba, bakteria, kimelea? Kule seli njo mwili wenyewe. Ikijiua, hakuna mwenye anabaki kufurahia faida. Kwa akili ya kawaida, kitu kama hicho hakiwezi kuwako. Na kumbe kiko.

Tuanze na Mujerumani August Weismann, profesere wa Freiburg. Mwaka 1881 alitoa hotuba juu ya muda wa maisha, na wazo lake lilikuwa jepesi kabisa: amiba ikijigawa mara mbili, maiti iko wapi? Mama hayuko tena, lakini hakuna mwenye alikufa. Kuko watoto wawili paka. Donc, kwake yeye, viumbe vya seli moja havijui kifo cha asili. Vinaweza kuuawa na moto, na njaa, ao kuliwa, lakini kifo chenye kinatoka ndani kilikuja nyuma, wakati seli zilianza kuishi pamoja na kugawana kazi. Zingine zikalinda uzazi, zingine zikawa mwili, na mwili njo ulilipa bei. Wazo hilo lilikaa mu vichwa vya wanabiolojia karibu miaka 100.

Mu ile miaka, watu wengine walikuwa wanaona seli zinakufa bila kujua kama ni jambo la maana. Carl Vogt aliandika juu yake tangu 1842, akichunguza chura. Walther Flemming aliichora mu 1885. Alafu kimya. Mu 1964 Richard Lockshin na Carroll Williams, kule Marekani, wakaangalia misuli ya kipepeo wa hariri yenye inapotea kisha kipepeo kutoka mu kifuko chake, na wao njo walileta lile neno: kifo cha seli kilichopangwa. John Kerr, daktari wa Australia, alikuwa amefunga mushipa wa damu wenye unaenda kwenye ini la panya. Mu mikroskopi akaona vifo viwili tofauti. Seli zingine zilivimba na kupasuka, zikimwaga uchafu kila fasi. Zingine zilinyauka polepole, zikajikatakata vipande vidogo, na majirani wakavila bila fujo. Mwaka 1972 Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie wakaipa hiyo ya pili jina la apoptozi, neno la Kigiriki lenye mwalimu mumoja wa Kigiriki kule Aberdeen aliwapendekezea. Maana yake ni kuanguka kwa majani ya muti. Watu wa Katanga, wenye wanaona miombo ikiangusha majani kila kiangazi, wataelewa haraka.

Alafu kukaja hesabu yenye ilinishangaza zaidi wakati wa masomo yangu. Kuko munyoo mudogo sana, Caenorhabditis elegans, urefu wake ni milimita moja. Wakati unakua, seli 1090 za mwili zinazaliwa. 131 zinakufa. Zinabaki 959. Kila munyoo, kila mara, ni zile zile 131. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipata Nobel mu 2002 juu ya kazi hiyo. Mu labo ya Horvitz njo waligundua jeni zenye zinatoa amri, na mu 1993 ikaonekana kama moja kati yazo, ced-3, ni ndugu ya enzimi yenye sisi watu tuko nayo. Leo jamaa yote ya hizo enzimi inaitwa kaspazi. Ni makasi: zinakata protini za seli fasi fulani fulani paka mpaka nyumba inaanguka.

Kufikia hapo, kila mutu alikuwa anafikiri Weismann alisema kweli. Kifo kilichopangwa ni mali ya wanyama, kilivumbuliwa kwa faida ya mwili.

Mwenye alivuruga hiyo amani alipitia mulango wa SIDA. Jean Claude Ameisen, daktari Mufaransa, alikuwa anajiuliza juu ya nini chembe nyeupe za damu za wagonjwa wa SIDA zinakufa mingi vile. Mwaka 1991, pamoja na André Capron wa Lille, akapendekeza kama virusi inazisukuma zijiue. Kutoka kule akaanza kuuliza juu ya asili ya huko kujiua kwenyewe, na mwaka 1995 yeye na wenzake wakaandika kama walikiona mu Trypanosoma cruzi, kimelea cha seli moja chenye kinaleta ugonjwa wa Chagas kule Amerika ya Kusini: seli inanyauka, DNA yake inakatwa vipande, kama mu mwili wa panya. Mwaka mumoja mbele, kikundi cha Pierre Golstein kule Ufaransa kilikuwa kimeonyesha kifo cha namna hiyo mu Dictyostelium. Mu 1996 ikaonekana mu tripanosoma za Afrika. Mu 1997 Frank Madeo na wenzake, Ujerumani, wakaiona mu chachu, ile levire ya mikate na ya pombe. Mu miaka 4 paka, ukuta wa Weismann ukawa na matundu kila upande.

Dictyostelium ni lazima tuisimamie kidogo, sababu hakuna mufano muzuri kupita ule. Kenneth Raper aliipata mu 1933 mu majani ya kuoza ya pori moja la North Carolina. Ni amiba ya kawaida: inaishi peke yake mu udongo, inakula bakteria. Chakula kikiisha, amiba zinaanza kutoa kemikali fulani, AMP ya mviringo, na kuitana. Karibu 100 000 zinakusanyika, zinakuwa kama konokono mudogo asiye na nyumba, zinatembea pamoja kutafuta mwangaza. Alafu zinasimama. Karibu moja juu ya tano zinapanda juu ya zingine, zinajenga ukuta wa selulozi, zinajaza maji ndani, na zinakufa. Maiti zao njo zinakuwa nguzo. Juu ya ile nguzo, zile zingine zinageuka mbegu zenye upepo ao mududu atazipeleka fasi yenye chakula. Kumbuka: saa chache mbele ya hapo, kila moja ilikuwa amiba huru, yenye haidai mutu na haidaiwi.

Nani anachaguliwa kuwa nguzo? Hapo njo siasa inaingia. Kama amiba zote ni za ukoo mumoja, haina ubaya, sababu yenye inakufa inaachia nakala zake zenyewe nafasi. Lakini pori haina ukoo mumoja. Mwaka 2000 Joan Strassmann, David Queller na mwenzao walichanganya koo mbalimbali na kuhesabu nani aliingia mu mbegu na nani alibaki mu nguzo. Zingine zilidanganya wazi wazi: zilipata mbegu mingi kupita haki yao, na kuachia wenzao kazi ya kufa. Kila mutu mwenye aliisha kufanya travail ya kikundi kwa iniversite anajua huyo mutu ni nani.

Tunafika kwenye fundo la maneno yote. Jeni yenye inaua mwenye kuibeba inapaswa kuzikwa pamoja naye. Kwa ginsi gani imefika mpaka kwetu? Wataalamu wana majibu kadiri tatu ao ine, na hayapendani sana.

La kwanza ni la ukoo, kama nilivyosema. Mu 2011 Pierre Durand wa Afrika ya Kusini, pamoja na Armen Rashidi na Richard Michod, walifanya jaribio lenye ninalipenda sababu liko safi. Walichukua mwani wa seli moja, Chlamydomonas. Kikundi kimoja wakakiacha kife kwa utaratibu wa ndani. Kingine wakakipasua kwa nguvu. Alafu wakachukua maji yenye hao marehemu walikufia na kuyapa mwani wenye uko hai. Maji ya wenye walijiua yalisaidia wazima kukua. Maji ya wenye walipasuliwa yaliwaumiza. Mu 2014 wakaongeza kitu kingine: faida inaenda kwa ndugu wa aina moja, aina zingine za mwani zinapata hasara. Donc namna ya kufa ina maana. Ukifa vizuri, unalisha wa kwenu.

La pili ni la sumu na dawa, na mimi njo linanikamata zaidi. Mu bakteria kuko vipande vya DNA vyenye vinaishi pembeni, plasmidi. Si mwili wa bakteria, ni kama mupangaji. Mu 1983 Teru Ogura na Sota Hiraga, Wajapani, walieleza jeni mbili za plasmidi F mu Escherichia coli, na miaka iliyofuata kazi yazo ikaeleweka vizuri. Moja inatengeneza sumu yenye inadumu. Nyingine inatengeneza dawa ya ile sumu, lakini dawa haidumu, inapaswa kutengenezwa kila wakati. Wakati bakteria inajigawa, mutoto mwenye anazaliwa bila plasmidi anabaki na sumu ya mama mu mwili na hana tena mwenye anamutengenezea dawa. Anakufa. Kwa hiyo hakuna mutoto mwenye anaweza kufukuza mupangaji na kuishi. Ni kama mutu mwenye anakulisha sumu leo, na kila asubuhi anakuuzisha dawa. Siku utamufukuza, ni siku ya maziko yako.

Ona vile hii inageuza swali. Hapa kifo hakikuja kwa faida ya mwenye kufa, wala ya jamaa yake. Kilikuja kama silaha ya mugeni mwenye hataki kutoka. Ameisen alilishika wazo hilo kwa nguvu: pengine silaha za vita vya zamani, mbele ya bakteria na plasmidi zao, mbele ya bakteria na virusi, zilibaki mu nyumba, na siku moja mwenye nyumba akazitumikisha kwa kazi yake.

Sababu virusi nazo ziko mu hii historia. Bakteria zina virusi zao, zinaitwa faji. Faji moja ikiingia mu bakteria, inatoka na watoto kumi na kumi, wakati mwingine mia. Kuko bakteria zenye zikisikia mugeni ameingia, zinajiua haraka mbele hajamaliza kuzaa. Ile moja inakufa, mutaa unapona. Wafaransa wa mwanzo wa masomo ya faji hawakuota kitu kama hicho. Leo kila mwaka wanagundua namna mupya ya bakteria kufanya hivyo.

La tatu ni la mitokondria. Lynn Margulis aliandika mu 1967 kama mitokondria, ile mashini ya nguvu mu seli zetu, zamani ilikuwa bakteria huru yenye ilimezwa na haikuyeyuka. Leo mambo hayo hayabishaniwi. Mu 1996 kikundi cha Xiaodong Wang kikaonyesha kama sitokromu c, protini yenye kazi yake ni kupumua ndani ya mitokondria, ikitoka inje ya mitokondria inawasha kaspazi na seli inakufa. Yaani kitu chenye kinatupa uzima, kikihama chumba, ni hukumu ya kifo. Guido Kroemer na wengine wakasema mu 1997: hii ni alama ya makubaliano ya zamani kati ya mumezi na mwenye alimezwa, wenye walianza kama maadui. Ni hadithi nzuri sana, na mimi ninaiogopa kidogo juu ya uzuri wake. Mu ule munyoo wa seli 959, sitokromu c haina hiyo kazi. Kama ilikuwa mukataba wa mwanzo wa yote, juu ya nini munyoo haukuuheshimu?

Kubishana kwenyewe kunachoma zaidi kwenye neno moja: metakaspazi. Mwaka 2000 watafiti walipekua jeni na kukuta ndugu wa mbali wa kaspazi mu mimea, mu chachu, mu vimelea. Wengi wakashangilia: makasi ya kifo iko kila fasi, tangu zamani! Lakini kisha wakaangalia fasi yenye hizo makasi zinakata. Kaspazi zetu zinakata kisha asidi aspartiki. Metakaspazi zinakata kisha arginini ao lisini. Ni mashini ingine. Tena mu chachu, metakaspazi ina kazi ya kila siku yenye haihusu kifo: inasaidia kusafisha protini zenye zimeharibika. Na Dictyostelium? Waliitoa ile paracaspazi yake, ndugu wa mbali mwingine, na amiba zikaendelea kufa vile vile, kimya.

Donc kuko wenye wanasema: musiite kila kifo cha seli moja kujiua. Gari ikiharibika barabarani haina maana fundi aliweka ndani kifaa cha kuiharibu. Seli ina vifaa vya kukata, vya kusafisha, vya kupumua. Siku mambo inavurugika, vifaa hivyo hivyo vinaimaliza. Mu 2013 William Proto, Graham Coombs na Jeremy Mottram waliandika maneno hayo wazi juu ya vimelea: alama zenye watu waliziona si lazima ziwe ushuhuda wa programu. Mimi naona wana haki juu ya vimelea, na hawana haki juu ya bakteria, sababu mule sumu na dawa yake vimeandikwa kando kando mu DNA, jeni mbili jirani, na hazina kazi ingine yenye inaeleweka vizuri kupita hiyo.

Na ubishi huo unatuhusu. Joseph Everett Dutton wa Liverpool njo alimupa jina Trypanosoma gambiense mu 1902, kisha kumuona mu damu ya mutu kule Gambia. Mwaka uliofuata akaja Kongo na John Todd na Cuthbert Christy kuchunguza ugonjwa wa usingizi, wakati wa Leopold. Alifika mpaka Kasongo, mu Maniema, na kule akafa mwezi wa pili 1905, na homa ya kupe yenye alikuwa anaichunguza. Alikuwa bado kijana.

Kile kimelea chake kina maisha ya ajabu. Mu damu, mwanzo ni kirefu, chembamba, na kinajigawa haraka. Vikizidi kuwa vingi, vinasikilizana kwa kemikali, vingine vinageuka vifupi na vinene, na vinaacha kabisa kujigawa. Vile vifupi vinangojea mbung'o aje kunyonya damu. Asipokuja mu siku chache, vinakufa. Ni sadaka kwa ndugu, ili mugonjwa asikufe haraka na mbung'o apate muda? Walimu wengi walifundisha hivyo. Kisha mu 2021 watafiti wa Würzburg wakaonyesha kama hata vile virefu vinaweza kuingia mu mbung'o na kuendelea. Hesabu ya sadaka ikabidi ianzwe tena.

Kama kimelea kina kifaa cha kujiua, dawa inaweza kugonga kile kifaa paka, bila kugusa seli zetu. Kama hakina, ni miaka mingi na pesa nyingi za labo zimeenda fasi mubaya. Wazee wetu walitibiwa na melarsoprol, dawa ya arseniki, yenye iliua karibu mugonjwa mumoja juu ya 20. Tangu mwezi wa 12 wa 2018 Kongo imekubali fexinidazole, vidonge vya siku 10, na majaribio yake mengi yalifanyika hapa kwetu, na wagonjwa wetu na manganga wetu. Mu 1998 Afrika iliandika karibu kesi 40 000; mu 2018 zilishuka chini ya 1000, na nyingi yazo zilikuwa za Kongo. Hiyo dawa haikutoka kwenye nadharia ya kujiua. Lakini yenye itafuata inaweza kutoka kule, ao mu kuivunja.

Habari yenye ilinirudisha mu mambo hii ni ya mwaka 2022. Kikundi cha Philip Kranzusch cha Boston na kile cha Rotem Sorek cha Israeli walitoa kazi juu ya gazdermini. Mu mwili wako, gazdermini ni protini yenye imefungwa na kamukia kadogo. Microbe ikiingia, enzimi inakata ule mukia, gazdermini zinakusanyika na kutoboa ukuta wa seli, seli inapasuka na kupiga kelele kwa majirani. Kumbe bakteria nazo ziko na gazdermini. Ina mukia. Kuko enzimi ya kuukata. Faji ikiingia, mukia unakatwa, ukuta unatobolewa, bakteria inakufa na faji inabaki mikono mitupu. Kifaa ni kile kile, kazi ni ile ile, na kati ya bakteria na mutu kuko zaidi ya miaka bilioni moja. Weismann alikuwa anatafuta maiti ya amiba. Ya bakteria ilikuwa mule siku zote, na tundu mu ukuta wake.